Kuvua Koti Jeupe na Kushika Kalamu

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na ukurasa huu nakuomba uinuke kidogo, uende penye kabati au sanduku unamoweka dawa za nyumbani. Toa kasha moja la vidonge vya kutuliza maumivu, ulifungue. Pamoja na vidonge utakuta humo karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi, yenye herufi ndogo mithili ya punje za mchanga. Aghalabu karatasi hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Lakini kwa kuwa viwanda vingi huuza dawa ile ile Dar es Salaam na pia Abidjan au Kinshasa, si ajabu ukiigeuza ukakuta upande wa pili maneno yale yale kwa Kifaransa.

Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyeandika upande ule wa pili? Kujua Kifaransa cha sokoni hakutoshi, wala hakutoshi kufaulu mtihani wa lugha shuleni. Maneno yale yanazungumzia ini, figo, vipimo na sumu; na mgonjwa atayafuata kama yalivyo. Ndiyo maana miongoni mwa wanaoifanya kazi hiyo wamo watu waliokuwa watafiti: watu waliokesha maabarani na darubini, kisha siku moja wakavua koti jeupe, wakalitundika msumarini, wakaketi mbele ya meza nyumbani kwao na kuanza kufasiri Kiingereza kwa Kifaransa, bila ya mwajiri. Habari za watu wa namna hiyo ndizo ninazotaka tuzizungumze Jumapili hii.

Huenda ukasema, "Mambo ya watafiti wa Ufaransa yanatuhusu nini sisi wa Kariakoo na Mwananyamala?" Yanatuhusu. Kwanza, ni nyumba gani isiyo na kijana aliyesomea jambo moja, na sasa anawaza kufanya jingine, huku wazee wake wakiguna? Pili, majirani zetu wa Burundi na Kongo hutumia Kifaransa maofisini na hospitalini, na hapa hapa Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda iliendesha shughuli zake kwa Kiingereza na Kifaransa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Kazi ya mfasiri si jambo la mbali hata kidogo.

MIKATABA MIFUPI

Tuchukue mfano, na ieleweke kuwa ni mfano tu, wa mwanamke wa Kifaransa aliyesomea biolojia katika mji wa Lyon. Amemaliza Chuo Kikuu, akaongeza miaka mitatu au minne ya shahada ya udaktari. Wazazi wake wamefanya karamu. Mtoto wa fundi bomba sasa anaitwa daktari, japo si wa kutibu watu.

Baada ya karamu hiyo huja maisha yenyewe. Kazi za kudumu katika utafiti ni chache na wanaozitaka ni wengi, hivyo kijana hupewa mkataba wa mwaka mmoja, au miwili. Leo yupo Lyon. Mkataba ukiisha anakwenda Montréal. Ukiisha huo anahamia Geneva. Kila mkataba unapokaribia mwisho, nusu ya akili yake ipo kwenye utafiti na nusu nyingine ipo kwenye barua za kuomba mahali pengine. Mwaka 2012 ilitungwa sheria nchini Ufaransa kwamba mtu aliyetumikia ofisi ya umma kwa mikataba ya muda kwa miaka sita apewe kazi ya kudumu. Nia ilikuwa njema. Lakini palitokea maabara zilizouogopa mzigo huo, zikawa haziongezi mkataba wa mtu anapoukaribia mwaka wa sita. Dawa ya ugonjwa ikawa ugonjwa mwingine.

Sasa mwanamke wetu ana umri wa miaka thelathini na mitano. Ana mume, ana mtoto anayeanza shule, na hawezi tena kuhama kila baada ya miaka miwili kama mchungaji afuataye majani. Wakati huo huo ana kitu ambacho hajawahi kukihesabu kuwa ni mali. Kwa kuwa majarida makubwa ya sayansi huandikwa kwa Kiingereza, amesoma Kiingereza cha sayansi kila siku kwa miaka kumi na mitano. Na kwa kuwa Kifaransa chake ni kizuri, wenzake humletea taarifa zao awanyoshee sentensi. Jioni moja mtu anamwomba amfasirie kurasa kumi kwa malipo. Anazifasiri usiku mmoja, na asubuhi yake anajikuta akiwaza jambo ambalo hakuthubutu kulitamka: kwamba hii inaweza kuwa kazi.

Anapolitamka mbele ya mama yake, mama anaweka kikombe chini. "Miaka yote ile ya shule, mwanangu, ili uje uandike maneno ya watu wengine?"

Swali hilo la mama, ndugu msomaji, ndilo kiini cha jambo hili. Mtu akiiacha maabara kwa ajili ya kalamu ya mfasiri, ameshuka? Ameitupa elimu yake? Tusikimbilie kujibu. Tutazame kwanza wale waliotangulia, kisha tuitazame kazi yenyewe.

NJIA ILIYOKANYAGWA ZAMANI

Bwana Georges-Louis Leclerc, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Buffon, ni miongoni mwa wataalamu wakuu wa viumbe waliopata kutokea Ufaransa. Lakini mwaka 1735, kabla hajaanza kutoa vitabu vyake vikubwa, alitoa tafsiri ya Kifaransa ya kitabu cha Mwingereza Stephen Hales kuhusu jinsi mimea inavyonyonya maji. Tafsiri haikumshusha. Ilikuwa njia mojawapo aliyoingilia katika elimu.

Mfano wa pili ni wa mwanamke, Bibi Marie-Anne Paulze, mkewe mkemia Lavoisier. Mumewe hakukijua Kiingereza, basi bibi huyu akajifunza lugha hiyo pamoja na kemia yenyewe, maana alitambua kuwa lugha bila ya kemia isingemfikisha popote. Mwaka 1788 alichapisha tafsiri ya kitabu cha Richard Kirwan, mtaalamu wa Ireland aliyeamini kwamba kitu kinapoungua hutokwa na dutu iliyoitwa flojistoni. Lavoisier na wenzake waliona imani hiyo ni batili. Bibi Lavoisier alifanya nini? Alimfasiri Kirwan kwa uaminifu, na hoja za kumpinga zikawekwa kando, katika maelezo yaliyotiwa saini na wenyewe. Msomaji akaziona pande zote mbili, kila moja mahali pake. Miaka mitatu baadaye Kirwan mwenyewe alikiri kuwa ameshindwa.

Mfano wa tatu ni onyo. Mwaka 1862 Bibi Clémence Royer alikitoa kwa Kifaransa kitabu cha Charles Darwin juu ya asili ya viumbe. Alikuwa mwanamke mwenye akili kali na elimu pana, lakini hakutosheka na kufasiri. Alitanguliza dibaji ndefu yenye mawazo yake mwenyewe, tena ya kuwashambulia watu wa dini, na akaongeza hata kwenye jina la kitabu maneno kuhusu sheria za maendeleo ambayo Darwin hakuyaandika. Darwin hakufurahi, na baadaye tafsiri mpya ikatolewa na mtu mwingine, mwaka 1873.

Mtafiti anayeingia katika ufasiri ayazingatie mambo haya. Ujuzi wake unamwezesha kuuelewa mwandishi kuliko mtu mwingine yeyote, na ujuzi huo huo unamshawishi kumsahihisha. Akiona kosa, amwandikie mteja na kumweleza. Asilirekebishe kimyakimya, wala asitie lake ndani ya maneno ya mwenzake.

MANENO YENYE SURA MOJA

Kiingereza na Kifaransa ni kama watoto wa ndugu wawili: wanafanana nyuso, lakini tabia zao ni mbali mbali. Neno la Kiingereza "physician" ni daktari anayetibu; neno la Kifaransa "physicien" ni mtaalamu wa fizikia, ambaye hutampelekea mtoto mwenye homa. Kiingereza husema "drug" kwa maana ya dawa ya hospitali, lakini Mfaransa akisoma "drogue" mawazo yake huenda kwenye bangi na kokeini. Dawa yeye huiita "médicament". Daktari Mwingereza akiandika kuwa kidonda kitapona "eventually", anamaanisha kitapona hatimaye. Mfasiri mzembe akiweka "éventuellement", mgonjwa ataambiwa kwamba kidonda huenda kikapona na huenda kisipone. Hebu fikiri hali ya mtu anayesoma hivyo akiwa peke yake usiku.

Hata tarakimu zina mitego. Bilioni ya Kiingereza, kama bilioni yetu ya Kiswahili, ni milioni elfu moja. Mfaransa huiita "milliard", na "billion" yake yeye ni milioni milioni. Mwingereza akiandika 1,500 anamaanisha elfu moja na mia tano. Kwa desturi ya Kifaransa alama ya mkato hutenga sehemu za desimali, hivyo tarakimu zile zile husomeka moja na nusu. Kialama kimoja, na kipimo cha dawa kimepungua mara elfu moja!

Kisha yapo majina. Hewa ambayo Kiingereza huiita "nitrogen" Kifaransa huiita "azote", jina lililowekwa na Lavoisier na wenzake mwaka 1787 na ambalo Wafaransa hawakuliacha. Kidonge tulichokitoa kabatini ni paracetamol kwetu na kwa Waingereza. Wamarekani huiita "acetaminophen". Mtu wa Paris ataiita "paracétamol", na mtu wa Québec, anayesema Kifaransa hicho hicho, ataiita "acétaminophène". Ndiyo sababu mfasiri mwangalifu, kabla hajaandika neno la kwanza, humwuliza mteja: karatasi hii itasomwa na nani, na wapi?

Sisi waandishi wa habari tunaujua kidogo mzigo huu. Usiku, habari za mashirika ya nje zinapofika kwa Kiingereza na mitambo ya kuchapa inangoja, mtu huwa na dakika kumi za kuamua neno litakaloingia gazetini kesho yake. Nimekwisha kuona neno moja likizungushwa meza nne kabla halijakubaliwa. Na hizo ni habari za siasa na kandanda, ambamo kosa huleta barua za wasomaji. Katika habari za dawa kosa huleta jambo zito zaidi.

GHARAMA YA KOSA

Kati ya mwaka 2006 na 2007, katika hospitali moja ya mjini Berlin, wagonjwa 47 waliwekewa magoti ya bandia isivyopasa. Magoti yale yalikuwa ya aina ya kushikizwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu ya hospitali. Maandishi ya Kiingereza kwenye makasha yalisema hivyo, lakini yalipogeuzwa kwa Kijerumani yakaeleweka kuwa saruji haihitajiki. Madaktari waliyafuata. Hapakuwa na aliyekusudia ubaya. Palikuwa na maneno machache tu yaliyogeuzwa na mtu asiyeyaelewa.

Huko Ufaransa kwenyewe, katika mji wa Épinal, zaidi ya wagonjwa 20 wa saratani ya tezi dume walipigwa mionzi kupita kiasi katika miaka ya 2004 na 2005, na baadhi yao wakafariki. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo iliyotajwa na wachunguzi ilikuwa hii: mwongozo wa programu ya kompyuta iliyopanga mionzi haukuwapo kwa Kifaransa. Yaani sheria ya mwaka 1994, iliyoagiza maelezo ya matumizi ya vitu vinavyouzwa Ufaransa yaandikwe kwa Kifaransa, ilikwisha kuwapo kwa miaka kumi, na bado wafanyakazi waliachwa wakikisia lugha ya wageni mbele ya mtambo wa hatari.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini mtafiti wa zamani anatafutwa. Anapokuta sentensi yenye utata juu ya goti la bandia, yeye huona goti lenyewe, na akili yake hukataa maana isiyowezekana. Sheria nazo huongeza kazi hiyo: Kanada ilizifanya Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha rasmi za serikali yake kwa sheria ya mwaka 1969, Shirika la Afya Duniani lina lugha rasmi sita na Kifaransa kimo, na nchi za Ulaya hudai kila dawa iwe na karatasi ya maelezo katika lugha ya wananchi.

HESABU YA NYUMBANI

Mpaka hapa pengine umeanza kumpongeza mwanamke wetu wa Lyon. Ngoja kwanza. Kazi hii ina upande ambao hauonekani kwenye karatasi ya dawa, nao ni upande wa sufuria jikoni.

Mfasiri wa kujitegemea hulipwa kwa hesabu ya maneno. Mtu mzoefu huweza kufasiri vizuri maneno kama 2,000 kwa siku. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Mwaka una siku 365. Toa siku 104 za Jumamosi na Jumapili, sikukuu 11 za Ufaransa, na siku 25 za mapumziko: zimebaki 225. Lakini siku hizo zote si za kufasiri. Zipo za kutafuta wateja, kuandika ankara, kudai malipo, kusoma istilahi mpya, na kukaa bure kwa kukosa kazi. Ukitoa theluthi moja kwa ajili hiyo, zimebaki siku 150. Zidisha kwa 2,000, utapata maneno 300,000 kwa mwaka. Hayo ndiyo mavuno ya shamba lake, na kutokana nayo atoe kodi, michango ya bima na pensheni, kompyuta, na umeme. Likizo hailipwi na mtu. Akiugua, kalamu imelala.

Isitoshe, fedha hazifiki siku ile kazi inapokwisha. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2008 inawaruhusu wafanyabiashara kupatana muda wa malipo unaofika siku 60 tangu tarehe ya ankara. Miezi miwili, ndugu msomaji! Mwenye nyumba hangoji miezi miwili. Kwa hiyo wenye busara huweka akiba ya kuwatosha miezi sita kabla hawajaandika barua ya kuacha kazi, au huanza kufasiri jioni na mwisho wa wiki wangali na mshahara. Unafuu mmoja upo: tangu mwezi Januari 2009 Mfaransa anaweza kujiandikisha kwa urahisi kuwa mjiajiri mdogo, akalipa michango kwa kadiri ya fedha alizopokea, asipopokea kitu, michango hiyo haidaiwi.

Lipo pia jambo la watu wa nyumbani. Aliyekuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni sasa anaonekana nyumbani siku nzima, na nani ataamini kuwa anafanya kazi? Mume atamwomba angoje fundi. Shangazi atamletea mtoto amtazamie "kidogo tu". Jirani atabisha hodi apate mtu wa kuzungumza naye. Jambo hili halitatuliwi kwa kufoka. Watu wa nyumba moja sharti wakae pamoja kabla, wakubaliane saa za kazi, mlango wa kufungwa, na nani atampeleka mtoto shule. Kazi ya mtu mmoja ikibadilika, nyumba nzima imebadilisha kazi.

NA MASHINE JE?

Msomaji mwenye simu mkononi atauliza: mashine si zinafasiri siku hizi? Naam, zinafasiri, tena si jambo jipya. Huko Kanada, kwa miaka ipatayo 20 mpaka mwaka 2001, mtambo ulioitwa METEO ulikuwa ukifasiri taarifa za hali ya hewa kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Ulifaulu kwa kuwa lugha ya mvua na upepo ni finyu na hujirudia kila siku. Tangu mwaka 2016 zimekuja mashine za namna nyingine, zilizojifunza kutokana na tafsiri nyingi mno za wanadamu, na sentensi zake husomeka vizuri mpaka mtu akashawishika kuzipitisha bila ya kuzikagua.

Hapo ndipo pa hatari, na ndipo pa kazi. Mashine ya zamani ilipokosea, kosa lilipiga kelele. Ya sasa hukosea kwa adabu, kwa sarufi safi kabisa. Huweza kuruka neno "si" na sentensi ikabaki nzuri. Kulitambua kosa la namna hiyo kunahitaji mtu aijuaye sayansi yenyewe. Lakini tusimdanganye kijana wetu: kazi nyingi siku hizi huja zikiwa zimekwisha kufasiriwa na mashine, mfasiri akitakiwa kusahihisha tu, kwa malipo madogo zaidi kwa kila neno. Anayeingia leo kwa kutegemea kasi yake atashindwa na mashine. Atakayebaki ni yule mteja anayemwamini kuweka sahihi yake chini ya karatasi ya dawa.

ANAYETAKA AFANYEJE?

Basi anayewaza kuvuka mto huu na aupime kina kabla ya kutia mguu. Kipimo kimoja hakigharimu kitu. Taasisi ya Dawa ya Ulaya hutangaza karatasi za maelezo ya dawa katika lugha nyingi, Kiingereza na Kifaransa zikiwamo. Achukue karatasi ya Kiingereza ya dawa asiyoijua, afasiri maneno mia tatu bila ya kuchungulia, kisha alinganishe na Kifaransa kilichokubaliwa. Afanye hivyo mara kumi. Ataona mwenyewe kama amezaliwa na sikio la lugha, au ana sikio la sayansi peke yake.

Pili, akubali kuwa mwanafunzi tena. Jambo hili huwauma wenye shahada kubwa. Kumjua panya na chembe zake ni ujuzi mmoja. Kuandika Kifaransa ambacho bibi wa miaka sabini atakielewa ni ujuzi wa pili. Vipo vyuo vya kazi hii, kama kile cha Paris kilichoanzishwa mwaka 1957 na kile cha Geneva cha mwaka 1941, na yapo mafunzo mafupi kwa watu wazima. Kanuni ya kimataifa ya huduma za tafsiri iliyotolewa mwaka 2015 inamtambua pia mwenye shahada ya fani nyingine, mradi awe na uzoefu wa miaka miwili ya kufasiri kama kazi ya muda wote. Kanuni hiyo hiyo inadai kila tafsiri isomwe na mtu wa pili. Hata mfasiri bingwa hasahihishi kazi yake peke yake, kama vile mtafiti hathibitishi jaribio lake peke yake.

Tatu, afasiri kwenda katika lugha aliyonyonya. Jambo hili liliandikwa hapa hapa Afrika Mashariki: mwezi Novemba 1976 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulikutana Nairobi, ukapitisha mapendekezo ya kuwalinda wafasiri na kuinua hadhi yao, na ndani yake ikaelezwa kwamba mfasiri, kwa kadiri iwezekanavyo, afasiri kwenda katika lugha ya mama yake au lugha anayoimudu sawasawa na hiyo. Mwanamke wetu akijaribu kugeuza Kifaransa kuwa Kiingereza kwa sababu tu fedha zipo huko, atakuwa ameiacha nguvu yake nyuma.

Nne, asiwe peke yake. Ufaransa ina chama cha wafasiri tangu mwaka 1947, na huko mjiajiri hukutana na wenzake, akajua bei zisizo za kujinyonga na wateja wasiolipa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

JIBU KWA MAMA

Tulimwacha mama na kikombe chake mezani, akingoja jibu. Sasa tunaweza kumjibu kwa heshima.

Mama, miaka ile ya shule haikupotea. Ndiyo itakayomwezesha mwanao kuliona goti ndani ya neno, na kushtuka mbele ya alama ya mkato iliyokaa mahali pabaya. Maabarani alifundishwa kutosema zaidi ya alichokiona. Mezani kwake atatakiwa kutosema zaidi ya kilichoandikwa. Ni uaminifu ule ule. Lakini nawe una haki ya kuhofu, maana kazi hii haina mwisho wa mwezi, na mtu akiiingia kwa kukimbia machungu ya mikataba tu, bila ya akiba wala mafunzo, atakuwa ameruka moto na kukanyaga majivu ya moto. Mwulize, mama, si kwa kumkatisha tamaa bali kwa kumsaidia: una akiba ya miezi mingapi? Umejipima? Nani atakusoma kabla hujakabidhi?

Na wewe, ndugu msomaji, irudishe sasa karatasi ile ndani ya kasha lake, uikunje vile vile ilivyokuwa. Lakini kabla ya hapo tazama tena: Kiingereza upande mmoja, labda Kifaransa upande wa pili. Kiswahili kipo? Kama hakipo, basi kijana wako anayesomea famasia au kemia, naye anaandika Kiswahili cha kueleweka, ana kazi inayomngoja, na mwenye kuihitaji kazi hiyo ni mgonjwa aliye nyumbani mwako.